UZI: Poly Styrene wa X-Ray Spex, mtunzi aliyejipa jina la plastiki

Santuri_Kuukuu (mwanzisha uzi)

Wanajukwaa, salaam. Nianze na tahadhari ili tusipotezane njiani: ninaposema panki katika uzi huu sizungumzii mapanki ya samaki ya Mwanza, wala ule mtindo wa nywele zilizosimamishwa katikati ya kichwa, ingawa mtindo huo kweli ulitokana na watu hawa hawa. Nazungumzia muziki wa magitaa ya kasi na sauti za kukwaruza uliozuka New York na London katikati ya miaka ya 1970, nyimbo zake nyingi zikiwa za dakika mbili au tatu, zikipigwa na vijana ambao baadhi yao walikuwa na miezi michache tu tangu wajue kushika gitaa.

Katika muziki huo alikuwapo mwanamke mmoja ambaye kwa maoni yangu hajasomwa vizuri. Jina lake la kuzaliwa ni Marianne Joan Elliott-Said. Jukwaani aliitwa Poly Styrene, na bendi yake iliitwa X-Ray Spex. Akitajwa leo, hutajwa kwa sifa ya kuwa miongoni mwa wanawake wa kwanza wenye damu ya Kiafrika kuongoza bendi ya panki nchini Uingereza. Sifa hiyo ni ya kweli na ina uzito wake, lakini imekuwa mithili ya kawa iliyopambwa: tunaisifia kawa, chakula kilicho chini yake kinapoa. Ninachotaka kukitetea hapa ni kwamba Poly alikuwa mtunzi kwanza, na kwamba vingine vyote, yaani sauti, mavazi, vyuma vya meno na hata lile jina, vilikuwa sehemu ya utunzi wake.

Alizaliwa tarehe 3 Julai 1957 huko Bromley na akakulia Brixton, kusini mwa London. Mama yake, mzungu, alikuwa katibu katika ofisi ya mawakili, na baba yake alikuwa Msomali. Aliyemlea ni mama. Akiwa na umri wa miaka 15 aliondoka nyumbani na paundi 3 mfukoni, akazunguka nchi kwa kudandia lifti kutoka tamasha moja la muziki hadi jingine, na mzunguko huo ulikoma pale alipokanyaga msumari wenye kutu alipokuwa akioga kijitoni, sumu ikaingia katika damu. Wengi hukipita kipande hiki cha maisha yake haraka. Mimi huona humo mtu ambaye alijaribu kwanza ndoto ya kizazi kilichomtangulia, ndoto ya kurudi kwenye majani na mito, ikamchoma mguu, naye akarudi mjini kuandika kuhusu mji.

Mwaka 1976 alitoa santuri ndogo ya mtindo wa rege, «Silly Billy», kwa jina la Mari Elliott. Haikufika mbali. Kisha, tarehe 3 Julai 1976, siku aliyotimiza miaka 19, aliwatazama Sex Pistols, bendi ya panki ya London, wakipiga kwenye gati la Hastings, mji wa pwani ya kusini ya Uingereza. Hawakuwa maarufu bado. Alichokiona pale ni vijana wa rika lake wasio na ustadi wa ajabu, waliosimama jukwaani bila kuomba ruhusa ya mtu, na hilo lilimtosha. Alitangaza gazetini kwamba anatafuta vijana wa panki wa kuunda naye bendi, wakaja: Jak Airport kwenye gitaa, Paul Dean kwenye besi, Paul Hurding kwenye ngoma, na msichana wa shule aliyejiita Lora Logic kwenye saksafoni, chombo ambacho wapenzi wa dansi wa kwetu walizoea kukiita mdomo wa bata.

Jina lake alilitoa kwenye kitabu cha simu cha biashara, zile kurasa za njano. Alikuwa akitafuta neno la kitu cha kisasa na cha bandia, akakutana na polystyrene, aina ya plastiki ambayo hutengenezewa vikombe vyepesi vya kunywea mara moja na kutupa. Alieleza mwenyewe kwamba jina hilo lilikuwa dhihaka juu ya umaarufu wa waimbaji: nyota wa muziki hutengenezwa, hutumiwa, hutupwa. Wakati huo alikuwa na kibanda katika soko la Beaufort, barabara ya King's Road mtaa wa Chelsea, akiuza nguo na mapambo ya plastiki ya rangi kali. Kwa hiyo asimdhanie mtu kuwa ni msomi aliyeitazama biashara kwa mbali akiikemea. Alikuwa mchuuzi, akiijua bidhaa kwa kuishika, na aliipenda hata alipoicheka.

Wimbo wao wa kwanza, «Oh Bondage Up Yours!», ulitolewa na kampuni ya Virgin mwezi Septemba 1977. Unaanza bila muziki. Kwa sauti nyororo ya mtoto mtiifu anakariri ile kauli ya wakubwa kwamba wasichana waonekane tu, wasisikike, kisha anatangaza anachofikiri yeye kwa kulipiga yowe jina la wimbo, na ngoma zinaingia. Wapo walioudhania kuwa wimbo wa mambo ya chumbani, kwa sababu maduka ya panki ya enzi hizo yalikuwa yakiuza suruali zenye mikanda na minyororo. Poly alieleza kwamba minyororo aliyoikusudia ni ya kila aina, na kwamba alikuwa na picha ya wanawake waliojifunga kwenye vyuma vya uzio walipokuwa wakidai haki ya kupiga kura. Ukiusikiliza kwa makini utaona pia kwamba mnyororo mwingine unaotajwa ni wa dukani: mtu anafungwa na vitu anavyonunua.

Nitaendelea na albamu katika bandiko linalofuata. Naomba msianze kubishana kabla sijamaliza, ingawa najua hapa ni wapi.

Santuri_Kuukuu

Naendelea. Albamu yao, «Germfree Adolescents», ilitoka Novemba 1978 chini ya kampuni ya EMI, ikafika nafasi ya 30 katika chati za Uingereza. Ina nyimbo 12. Ule wimbo wao maarufu wa kwanza haumo katika toleo la mwanzo, jambo ambalo leo mfanyabiashara yeyote wa muziki angeliita wazimu, lakini nashukuru kwamba ndivyo ilivyokuwa, kwani linatulazimisha kuisikiliza albamu kwa yaliyomo.

Tuchukue wimbo unaobeba jina la albamu. Bendi nyingi za panki wakati huo zilikuwa zikiimba kuhusu malkia, polisi, ukosefu wa kazi na hasira kwa jumla. Poly aliandika kuhusu msichana anayeogopa vijidudu, anayepiga mswaki mara kumi kwa siku, anayejisugua asibaki na harufu ya kibinadamu, na mapenzi yake na kijana ambaye naye amesafishika kupita kiasi. Mwendo wa wimbo ni wa taratibu, karibu na rege, na sauti yake imeshuka kutoka kwenye yowe hadi kwenye usimulizi wa upole. Hakuna lawama ndani yake. Hamcheki msichana yule wala hamhubirii. Anamtazama tu anavyosugua. Huo ndio utunzi ninaousema. Wimbo ulifika nafasi ya 19, nafasi ya juu kuliko zote walizowahi kupata, na uliwapeleka kwenye Top of the Pops, kipindi cha televisheni ya BBC kilichokuwa kikitazamwa na karibu kila nyumba.

Katika «The Day the World Turned Day-Glo» anaamka katika dunia ambayo kila kitu kimegeuka bandia na kinang'aa: mapazia ya nailoni, gari la plastiki lenye magurudumu ya sponji, miti ya nyuzi za kiwandani, na mgahawa wa Wimpy anaposimama kula mkate wa mpira. Katika «Warrior in Woolworths» shujaa wake ni kijana wa kawaida katika duka la bidhaa za bei nafuu. Katika «Identity» anamuuliza msichana kama anajiona mwenyewe anapotazama kioo, runinga na jarida. Katika «Art-I-Ficial» anakiri kwamba yeye mwenyewe ni kitu cha kutengenezwa, kwamba jamii ya ununuzi ndiyo iliyomlea, na hajitoi katika kesi anayoiendesha. Mhubiri husimama juu ya watu, ilhali Poly yumo kwenye foleni ya dukani pamoja nao na kikapu mkononi.

Mwaka ule ule, tarehe 30 Aprili 1978, X-Ray Spex walipiga katika bustani ya Victoria, mashariki mwa London, kwenye tamasha kubwa la harakati ya Rock Against Racism, yaani roki dhidi ya ubaguzi wa rangi. Harakati hiyo ilianzishwa mwaka 1976, baada ya mpiga gitaa mashuhuri Eric Clapton kutamka jukwaani mjini Birmingham maneno ya kuunga mkono kufukuzwa kwa wageni, na wakati huo chama cha National Front, kilichowapinga wahamiaji, kilikuwa kikiandamana katika mitaa ya wahamiaji. Makumi ya maelfu ya watu walitembea kutoka Trafalgar Square hadi bustanini, ambako walikuwapo pia The Clash, Steel Pulse na kundi la Tom Robinson. Poly alipanda jukwaani amejifunga kitambaa kichwani, na alipokivua watu waliona amenyoa nywele zote. Hapo awali alikuwa amesema kwamba mtu akijaribu kumgeuza kuwa pambo la kuamsha tamaa za wanaume, atanyoa kipara kesho yake. Alikuwa ametimiza ahadi hiyo nyumbani kwa John Lydon wa Sex Pistols.

Katikati ya mwaka 1979 aliiacha bendi. Nyuma yake palikuwa na santuri ndogo tano na albamu moja, nayo bendi ikafa kwa sababu haikuwa na maana bila yeye.

Mbishi_Halisi

Ndugu Santuri, nimesoma mabandiko yote mawili kwa utulivu kama ulivyoomba, na nakushukuru kwa kazi uliyoifanya. Hata hivyo nina swali ambalo huenda likaonekana la kikatili. Tunapozungumzia kazi ya msanii, je, tunaweza kweli kuita miaka miwili na albamu moja kuwa kazi ya maisha? Patti Smith, mwimbaji wa panki wa New York, alitoa albamu yake ya kwanza mwaka 1975 na ameendelea kutunga na kuandika kwa miongo kadhaa. Siouxsie Sioux, mwimbaji wa panki wa London, alianza wakati mmoja na huyu Poly, akatoa albamu nyingi na kubadilisha muziki wake mara kadhaa. Sioni ubaya wa kumpenda mtu aliyefanya kidogo, lakini nashuku kwamba mapenzi yetu kwa wasanii waliokatika mapema hutokana zaidi na huruma kuliko masikio. Tunakijaza wenyewe kile ambacho hawakukifanya.

Dada_Besi

Mbishi, hoja yako ina mashiko, lakini umelichukulia neno «kidogo» kwa kipimo cha kilo. Mimi nimepiga besi katika bendi za hotelini kwa zaidi ya miaka kumi na naomba niseme kama mtu wa jukwaani. Katika sehemu moja niliyowahi kufanya kazi, ambayo sitaitaja, niliitwa ofisini nikaambiwa kwamba upigaji wangu hauna kasoro ila wateja wangependa nivae tofauti na nitabasamu zaidi ninapopiga. Nilikuwa na miaka 23 na nilitii. Poly Styrene alikuwa na umri mdogo kuliko huo aliposimama mbele ya kamera za BBC akiwa na vyuma vya kunyooshea meno, koti lililoonekana kukopwa kwa shangazi, kofia ya ajabu na soksi za rangi za kuumiza macho. Hakuwa amesahau kujipamba. Kila kitu alichokivaa kilichaguliwa ili mtazamaji ashindwe kumwainisha kwa zile aina mbili tatu walizotengewa wanawake.

Jambo jingine ni sauti yenyewe. Watu husema alipiga kelele. Ukisikiliza santuri zile utagundua kwamba anajua hasa noti anayoielekea, na mara nyingi huifikia kwa kuipanda kutoka chini kama mtu anayekwea ukuta. Alikuwa amejifunza kuimba. Yowe lake ni chaguo, na uthibitisho ni kwamba alipotaka kuimba kwa upole, katika wimbo ule wa msichana wa mswaki, aliimba kwa upole bila kuyumba.

Mwana_wa_Likoni

Mimi si mtu wa roki kabisa, nimeingia hapa kwa bahati kutokana na neno plastiki. Ninachotaka kuuliza ni kuhusu wimbo wa «Plastic Bag», ambao nimeusikiliza jana usiku baada ya kusoma uzi huu. Mwanamke huyu aliandika mwaka 1978 kwamba akili yake ni mfuko wa plastiki uliojaa takataka za matangazo. Kwetu Kenya juala lilipigwa marufuku tarehe 28 Agosti 2017, na wenzetu wa Tanzania wakafuata tarehe 1 Juni 2019 na ile mifuko yao ya rambo. Nilipokuwa mdogo, mti wa uani kwetu ulikuwa na majuala mengi kuliko majani baada ya kila upepo wa kusi. Je, tuseme aliyatabiri haya, au tunamvika kilemba ambacho hakukiomba?

Santuri_Kuukuu

Mwana wa Likoni, karibu sana, na asante kwa juala lako. Nadhani tusimvike kilemba cha mtabiri. Hakuwa akiitabiri bahari iliyojaa mifuko. Alikuwa akiandika kuhusu kichwa kilichojaa mifuko, na hiyo ni habari nyingine. Katika wimbo ule takataka ni zile zinazomwingia mtu kupitia runinga na magazeti hadi hajui tena lipi ni wazo lake. Ukitaka kumsifu kwa kuona mbali, nenda kwenye albamu yake ya mwisho ya mwaka 2011, ambako kuna wimbo uitwao «Virtual Boyfriend» kuhusu mpenzi wa kwenye kompyuta. Hapo nako hakutabiri lolote. Alichungulia dirishani akaandika alichokiona, kama alivyofanya miaka 33 nyuma.

Sasa nimjibu Mbishi. Kwanza nakubali kwamba huruma ipo, na mimi mwenyewe sina kinga nayo. Lakini si kweli kwamba kazi yake ilikoma mwaka 1979. Mwaka 1980 alitoa albamu ya peke yake, «Translucence», ambayo ni kinyume kabisa cha kilichotarajiwa: muziki wa utulivu, wenye ladha ya jazi, magitaa yaliyoshushwa chini na sauti isiyopaa. Waliotaka yowe walikasirika na haikuuzika. Leo ukiisikiliza bila kujua ni ya nani, utadhani ni ya miaka kadhaa baadaye. Mwaka 1986 alitoa santuri fupi ya «Gods & Goddesses». Mwaka 1995 aliirudisha X-Ray Spex pamoja na Paul Dean na Lora Logic, wakatoa «Conscious Consumer», lakini shughuli ya kuitangaza ilikatika ghafla alipogongwa na gari la zimamoto katikati ya London na kuvunjika nyonga. Katika wasifu wa mwanamuziki yeyote sijawahi kukutana na ajali inayofanana zaidi na mashairi yake mwenyewe. Mwezi Septemba 2008 alipiga katika ukumbi wa Roundhouse, Camden, mbele ya ukumbi uliojaa.

Kwa hiyo tunazungumzia miaka 35, kuanzia santuri ya rege ya 1976 hadi albamu ya 2011, yenye mapengo marefu. Swali lako lingekuwa la haki zaidi kama lingekuwa hivi: mapengo yale yalisababishwa na nini?

NyuziSita

Ndugu Santuri, hapo ndipo ninapotaka uingie bila kuzunguka. Nimewahi kusoma kwamba aliona chombo cha angani, akalazwa, kisha akaingia kwenye dini ya Wahare Krishna, wale waumini wa mungu Krishna wa Kihindu. Mambo haya husimuliwa kwa kicheko, kana kwamba ni vituko vya msanii. Ningependa kusikia yakielezwa kwa heshima.

Santuri_Kuukuu

Nitajaribu. Mwaka 1978, baada ya onyesho huko Doncaster kaskazini mwa Uingereza, aliona kupitia dirisha la hoteli kitu cha mviringo chenye mwanga wa waridi angani, na akahisi kwamba kila alichokigusa kilikuwa kikitoa cheche. Alikuwa na miaka 20 au 21, alikuwa amechoka kwa ziara zisizokwisha, na mapema mwaka huo alikuwa amekwenda New York kupiga katika klabu ya CBGB, ambako alikutana na ule ulimwengu wa bandia aliokuwa akiuandika, lakini kwa ukubwa ambao hakuuzoea. Madaktari walisema ana skizofrenia, akalazwa. Utambuzi huo haukuwa sahihi. Ni mwaka 1991, zaidi ya miaka kumi baadaye, ndipo alipotambuliwa kuwa na baipola, ule ugonjwa wa hisia kupanda na kushuka kupita kiasi. Yeyote ambaye amewahi kukaa na mgonjwa wa aina hii anajua maana ya kuishi muda wote huo na jina lisilo la ugonjwa wako.

Kuhusu dini: mwaka 1983 alijiunga na Wahare Krishna na akaishi kwa muda katika hekalu lao la Bhaktivedanta Manor, nje ya London, pamoja na binti yake Celeste Bell, aliyezaliwa mwaka 1981. Wanaocheka hawajaona uzi unaoziunganisha nyimbo zake na uamuzi huo. Mtu aliyeandika kwamba vitu vinamfunga aliamua kwenda kuishi mahali pasipo na vitu vingi. Sisemi kwamba maisha ya huko yalikuwa mepesi, hasa kwa mtoto. Binti huyo alikwenda baadaye kulelewa na bibi yake, na mwaka 2021 alitoa filamu ya kumbukumbu aliyoiongoza pamoja na Paul Sng, iitwayo «Poly Styrene: I Am a Cliché». Uzuri wa filamu hiyo ni kwamba mwana hamsafishi mama. Anampenda, anamlaumu, anapekua shajara zake na kuendelea kumpenda.

Mbishi_Halisi

Nimekusoma, mkuu, na ninaliondoa neno «huruma» katika hoja yangu ya kwanza, ingawa la idadi ya albamu bado nimelishikilia. Nimesikiliza «Translucence» leo asubuhi nikielekea kazini. Nilitarajia kuchoka, nikajikuta nimepitiliza kituo.

Dada_Besi

Kabla hatujamfanya Poly kuwa mwanga usio na moshi, nataka tumtaje Lora Logic. Alikuwa na miaka 15 au 16 alipojiunga, na ile saksafoni yake ndiyo iliyoifanya X-Ray Spex isifanane na bendi nyingine yoyote ya panki. Wenzao wengi walitegemea magitaa. Wao walikuwa na gitaa moja na mdomo wa bata uliokuwa ukigombana na mwimbaji kila mstari. Kisha, kabla ya albamu, aliondolewa. Hakuondoka kwa hiari yake. Nafasi yake ilichukuliwa na Rudi Thomson, na vifungu vingi alivyovibuni msichana yule vikabaki katika nyimbo vikipigwa na mwanamume mtu mzima. Bendi iliyoanza kwa kupinga kwamba wasichana wasisikike ilimnyamazisha msichana aliyekuwamo ndani yake. Ninampenda Poly, lakini hili halinipiti kooni, na sioni sababu ya kulimeza kwa ajili ya uzi mzuri.

Santuri_Kuukuu

Dada, umenishika pabaya, na ninakiri kwamba nililipita jambo hili kwa makusudi nilipoandika bandiko la pili, kwa sababu linaumiza hoja yangu. Ikiwa ninadai kwamba Poly alikuwa mtunzi kwanza, sina budi kukubali kwamba muziki ulioyabeba maneno yake ulikuwa na mikono mingine, na mkono mmoja kati ya hiyo haukutendewa haki. Sitamtetea kwa kusema alikuwa mdogo, kwani mwenzake alikuwa mdogo zaidi. Nitaongeza tu yaliyofuata. Lora aliunda bendi yake, Essential Logic, ambayo hakuna mtu aliyeweza kumtoa humo. Baadaye naye aliingia kwa Wahare Krishna, kwa njia yake mwenyewe, wakakutana tena huko, na mwaka 1995 alipuliza saksafoni katika «Conscious Consumer».

Mwana_wa_Likoni

Sasa mmenichanganya kwa uzuri. Mimi nisiyejua roki nianzie wapi? Na niisikilize saksafoni ya nani?

NyuziSita

Mimi ningekwambia uanzie miaka ya mwanzoni mwa 1990, kwa wasichana wa Marekani wa riot grrrl, harakati ya panki ya kutetea wanawake, kisha urudi nyuma. Kathleen Hanna wa bendi ya Bikini Kill amekuwa akisema wazi deni lake kwa Poly Styrene, na ukimsikia yeye kwanza, yowe la Poly halitakushtua.

Santuri_Kuukuu

Ninampinga NyuziSita kwa heshima zote. Kumfikia mtunzi kwa kupitia waliomfuata ni kumwona tena kama babu wa watu fulani, na ndicho ninachokikataa tangu bandiko la kwanza.

Ndugu wa Likoni, fanya hivi. Sikiliza kwanza «Oh Bondage Up Yours!», santuri ya 1977, saksafoni utakayoisikia ni ya Lora, na utaitambua kwa kuwa haimfuati mwimbaji bali inamjibu, mara nyingine kabla hajamaliza kusema. Halafu sikiliza «Germfree Adolescents», wimbo wenyewe, ambamo Rudi Thomson anapuliza kwa utulivu zaidi na maneno yana nafasi ya kusikika. Usiku, nyumba ikinyamaza, weka «Translucence». Ya mwisho iwe «Generation Indigo», iliyotayarishwa na mtayarishaji ajulikanaye kwa jina la Youth. Ilitoka tarehe 28 Machi 2011, wakati Poly alikuwa amekwisha kutangaza kwamba ana saratani ya matiti iliyosambaa hadi kwenye uti wa mgongo na mapafu. Alifariki tarehe 25 Aprili, akiwa na miaka 53, albamu ikiwa na siku 28 madukani. Usiisikilize ukitafuta kifo ndani yake. Kuna rege, kuna midundo ya kuchezeka, na kuna mwanamke anayeuchungulia mtaa akitaja kwa majina vitu vinavyouzwa.

Mwana_wa_Likoni

Nimeanza. Wimbo wa kwanza nimeurudia mara nne, na jirani amegonga ukuta mara mbili. Lora nimemtambua.